Shavu la Kushoto la Bwana Ngwali

Palikuwa na nchi ambayo jina lake halitatajwa hapa, si kwa kuogopa, la hasha, bali kwa sababu sheria za nchi yenyewe zilikataza mtu kuitaja au kusikia ikitajwa isipokuwa amesimama, amenyoa na amepiga saluti, na msomaji huenda hivi sasa amejilaza.

Nchi hiyo ilikuwa na mambo mengi ya kujivunia, lakini hakuna lililofikia wembe wake. Wembe huo uliitwa Fahari. Ulikuwa ule wembe mwembamba wa makali pande mbili, unaotiwa ndani ya mashine ya kunyolea na kukazwa kwa kuzungusha mpini, na ulitengenezwa kwa chuma cha reli. Mtukufu Mlezi, baba wa taifa hilo, alipogundua kwamba watu wake wananyoa kwa nyembe za kutoka ng'ambo ya mpaka, alihuzunika siku nzima, kisha akaamuru reli yote ing'olewe ikayeyushwe, ili nchi ijitegemee mashavuni. Treni, kwa kukosa pa kupita, zilibaki stesheni zikisubiri zamu yao ya kuyeyushwa. Abiria waliombwa wavumilie, na wakahakikishiwa kwamba hata wakienda kwa miguu watafika wakiwa wamenyoa.

Ubaya wake, kama tutauita ubaya, ni kwamba Fahari haukunyoa. Uling'oa. Ulizikamata ndevu moja moja, ukazivuta, ukafikiri, halafu ukachukua na ngozi. Wananchi waliupenda sana kwa kuchongea penseli na kufumulia mishono. Wapo waliojaribu kukatia bamia, lakini bamia zilipondeka.

Kwa hiyo raia mwema alijulikana asubuhi kwa vipande vya gazeti alivyobandika usoni kuziba damu. Mwenye kipande kimoja alikuwa mtu wa kawaida, mwenye vitano alikuwa mtu wa kutazamwa kwa heshima, na kulikuwa na katibu mkuu mmoja aliyepandishwa cheo mara mbili kwa kubandika tahariri nzima. Kwenye lango la kila wizara alisimama Askari wa Mashavu. Kazi yake ilikuwa kupitisha mgongo wa kiganja chake usoni kwa kila mfanyakazi. Uso ulitakiwa uwe laini, na hapo hapo uwe na karatasi. Vyote viwili kwa pamoja havikuwezekana kwa Fahari, na ndiyo maana vikaamriwa.

*

Bwana Ngwali alikuwa karani katika Wizara ya Mihuri. Alikuwa mtu mpole, mwenye mke mkali na ndevu kali zaidi. Mungu alimpa ndevu ngumu kama fagio la nje, zilizoanza kuota tena kabla hajamaliza kunawa povu. Mtu mwenye ndevu kama zile, katika nchi kama ile, angekuwa amefukuzwa kazi zamani. Kilichomweka Ngwali kazini ni kinyozi wake, Simai.

Simai alikuwa na kibanda nyuma ya soko la samaki. Alikuwa mtu wa maneno machache na majivuno mengi, na majivuno yake yote yalikuwa juu ya jambo moja tu: tangu ashike wembe, hajapata kumkata mtu. Hilo alilisema kila siku, kwa kila mteja, hata kwa wale waliokuja kuomba chenji. Na kwa kuwa hata mkono wa Simai haukuweza kuzibembeleza ndevu za Ngwali kwa Fahari, siku moja alifunga mlango, akatoa ndani ya kopo la poda kijikaratasi chenye picha ya kipepeo, na ndani yake ukatoka wembe wa magendo kutoka ng'ambo.

"Huu kwa ajili yako tu," alisema. "Wengine nahangaika nao na hilo dude letu. Wewe siwezi, Ngwali. Nitakukata, na mimi sikati mtu."

Tangu hapo Ngwali alizijua nyembe mbili zile kama mtu anavyowajua wakeze. Fahari ulipiga kelele, kwaru kwaru, kama mtu anayekwangua sufuria lililoungua, na ukiondoka uliacha uso unawaka hadi adhuhuri. Kipepeo haukusema kitu. Ulipita juu ya povu kimya, na mtu angedhani bado haujaanza kazi, mpaka ajipapase na kujikuta ana shavu la kitoto. Fahari ulikufa kabla ya kufika kidevuni. Kipepeo mmoja ulimtosha wiki nzima, na siku ya pili ulikuwa mtamu kuliko ya kwanza. Baada ya hapo Ngwali alichana kipande cha gazeti, akakilowesha kwa mate, akakibandika juu ya ngozi nzima isiyo na hata mkwaruzo, akaenda kazini na uzalendo wake.

Mambo yakawa shwari mpaka asubuhi moja ya joto. Ngwali alifika langoni anatiririka jasho, na Askari wa Mashavu alipompapasa, kile kipande cha gazeti kikateleza kikaanguka chini.

Askari alikitazama. Akalitazama shavu.

"Kidonda kiko wapi?"

Ngwali angeweza kusema kimepona. Angeweza kusema kimeingia ndani. Lakini ilikuwa desturi ya wanaume wa mji ule kwamba mtu akiulizwa juu ya uso wake humsifu kinyozi wake, kama vile akiulizwa juu ya pilau humsifu mkewe, na mdomo wa Ngwali ukatangulia kabla ya akili.

"Kidonda kitoke wapi, afande? Mimi nanyolewa na Simai! Mkono wa Simai haujapata kumkata mtu!"

Kabla ya adhuhuri kibanda kilikuwa kimepekuliwa, kopo la poda limemwagwa, na Simai amefungwa pingu.

*

"Umemsifu?" aliuliza mkewe, Bi Mize, jioni ile. Alikuwa ameshika mwiko na hakuwa akipika chochote.

"Nilimsifu tu, Mama Raya."

"Ungemtukana, Baba Raya, mwenzio angekuwa kibandani kwake sasa hivi anakunywa kahawa."

"Sikukusudia."

"Najua hukukusudia. Wewe hujapata kukusudia kitu tangu nikuoe." Bi Mize aliuweka mwiko chini. "Wamemuuliza alikuwa akimnyoa nani kwa ule wembe. Mkewe kaniambia. Kawajibu, 'Nilijinyoa mwenyewe.' Mtu ana ndevu kama za paka, kajitwisha ndevu zako."

Ngwali hakula usiku ule. Alijua, kama kila mtu alivyojua, kwamba aliyepatikana na hatia ya kuudharau wembe wa taifa hupelekwa kwenye machimbo ya chuma, huko ambako watu walikwenda kwa lori na kurudi kwa tetesi. Alimwonea Simai huruma, na akaona haya. Haya hiyo ilimkaa kifuani ikakataa kushuka.

*

Serikali ile haikuwa ya kionevu. Haikumhukumu mtu bila uchunguzi. Iliunda Tume ya Kulinganisha Nyembe kwa Haki na kwa Matokeo Yanayotarajiwa, na mwenyekiti wake akateuliwa Mheshimiwa Jaji Brigedia Kasanduku, mtu aliyesoma sheria jeshini na kupigana vita mahakamani.

Jaji Brigedia alizungumza redioni, na hotuba yake ilisikilizwa na nchi nzima kwa kuwa mitambo mingine yote ilikuwa imezimwa.

"Ndugu wananchi," alisema, "swali lililo mbele yetu ni jepesi. Ikiwa wembe wetu ni mbovu, basi mshitakiwa alikuwa na sababu ya kutafuta mwingine, na hana kosa. Ikiwa wembe wetu ni bora, basi mshitakiwa aliuchukia bure, na hilo ni kosa la uhaini wa ngozi. Tutachukua uso mmoja. Shavu la kulia litanyolewa kwa huo wembe wa kigeni. Shavu la kushoto litanyolewa kwa Fahari. Na mimi naapa mbele yenu, na mbele ya picha ya Mtukufu Mlezi iliyoko nyuma yangu, mbele yangu na kila upande: Fahari ukitoa katika shavu lile tone moja la damu, moja tu, mshitakiwa huyu atakwenda nyumbani kwake siku hiyo hiyo!"

Watu walishangaa ujasiri ule. Hawakujua kwamba Mheshimiwa, kama waheshimiwa wote, alinyoa kwa Kipepeo tangu reli ing'olewe, na kwamba mtaalamu wa Tume, Profesa Ndimbo, alikwisha kumtuliza roho.

Uso ukatafutwa. Ilitakiwa ndevu ngumu kupita zote serikalini, na Wizara ya Mihuri ikamtoa Ngwali bila hata kupiga kura. Alipewa cheo cha Shavu la Taifa, akaahidiwa kwamba akishika adabu atapandishwa kutoka mihuri ya mraba hadi mihuri ya duara. Kilichobaki ni kinyozi. Wakaitwa vinyozi wa mji mzima, na wote, kwa maajabu, wakapatwa na kizunguzungu siku ile ile. Hakuna aliyetaka kushika Fahari mbele ya redio. Mwisho Tume ikaamua mshitakiwa mwenyewe anyoe, kwa kuwa tayari alikuwa na pingu na hangeweza kuumwa bila kibali.

*

Ukumbi ulijaa. Mawaziri walikaa mbele na magazeti yao mashavuni. Mtangazaji wa redio alikaa karibu kabisa na kiti cha kunyolea, kipaza sauti mkononi, akinong'ona kama yuko msibani.

"Ndugu wasikilizaji, Shavu la Taifa linaingia. Shavu linakaa. Linameza mate."

Simai aliletwa, akafunguliwa pingu. Alikuwa amekonda. Alimtazama Ngwali usoni, lakini kwa namna ya kinyozi, anayetazama ndevu kabla ya kumtazama mtu, kisha akaanza kuchanganya povu.

Profesa Ndimbo alisimama akasoma vigezo vya ulinganishi. Kulikuwa na Makali, Ulaini, Ustahimilivu, Mwonekano wa Karatasi, na Upendo wa Chuma kwa Mtumiaji. Alieleza kwamba Fahari ulikwisha kupata alama zote katika viwili vya mwisho, na kwamba kunyoa kwenyewe kulikuwa kwa ajili ya ukamilifu tu. Halafu akamkabidhi Simai vijikaratasi viwili, kimoja chenye kipepeo na kimoja chenye picha ya Mtukufu Mlezi akitabasamu.

Simai alianza na shavu la kulia, kwa wembe uliotoka ndani ya karatasi ya kipepeo.

Kwaru, kwaru.

Ngwali alishtuka. Sauti ile aliijua. Maumivu yale aliyajua zaidi: zile ndevu zilizokamatwa, zilizovutwa, zilizofikiriwa. Simai naye alitulia kidogo, wembe hewani. Kisha akaendelea kwa vipande vidogo vidogo, akiivuta ngozi kwa vidole viwili, anarudi, anapaka povu tena, jasho linamdondoka puani. Shavu liliwaka moto, lakini damu haikutoka. Hata kwa dude lile alikuwa ameweza, kwa siku hiyo.

"Ndugu wasikilizaji, wembe wa kigeni unapiga kelele mbaya sana," alinong'ona mtangazaji. "Shavu linatoa machozi."

Simai akabadilisha wembe. Akautoa ule wa karatasi ya Mtukufu Mlezi, akautia mashineni, akakaza mpini, akauweka juu ya shavu la kushoto.

Kimya. Wembe ulipita juu ya povu bila neno.

"Wamebadilisha," alisema Simai, midomo haimtikisiki. Vinyozi wanaweza kuongea hivyo.

"Najua," alijibu Ngwali, naye bila kufumbua mdomo, maana wateja nao huweza. "Nikate."

"Nini?"

"Nikate kidogo tu. Tone moja. Kaapa mwenyewe redioni."

"Sikati mtu."

"Simai, watakupeleka machimboni!"

"Wanipeleke." Simai alikandamiza mpini, wembe ukateleza tu. "Najaribu, Ngwali. Wallahi najaribu. Mkono haukubali."

Na kweli alijaribu. Ngwali aliuona uso wake umekunjamana kama wa mtu anayenyanyua gunia, na huku wembe unateremka shavuni taratibu, laini, haukwaruzi hata kipele. Ukashuka kutoka sikioni hadi katikati ya shavu. Ukashuka hadi karibu na taya. Kimebaki kijistari kidogo cha povu, upana wa kidole. Mawaziri walikwisha kuanza kujiweka sawa kwa makofi.

Ngwali hakuwa shujaa. Sehemu fulani ya moyo wake, ni lazima isemwe, ilikuwa ikiifikiria mihuri ya duara. Lakini ile haya iliyomkaa kifuani ikaishinda mihuri. Akajikaza kisabuni, akafumba macho, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe na Bi Mize, kama mwenyewe Bi Mize alivyopenda kusema baadaye, akakusudia kitu. Aligeuza uso kwa nguvu, akalitia shavu kwenye wembe.

Kipepeo hauumi unapokata. Kwanza alihisi ubaridi, halafu uvuguvugu shingoni.

Simai alipiga ukelele. Katika ukumbi mzima ni yeye peke yake aliyepiga kelele.

"Ndugu wasikilizaji," alisema mtangazaji, "shavu la kushoto, lililonyolewa kwa Fahari, linatoa... linatoa..." Alimtazama Jaji Brigedia, akakosa msaada. "Linatoa uzalendo. Uzalendo umefika kwenye kola."

Profesa Ndimbo alikuwa mtu wa sayansi, na mtu wa sayansi huumia akiona jaribio lake linaharibika. Aliruka kutoka kitini.

"Haiwezekani!" alifoka. "Ule haukati! Ule si Fahari, ule ni Kipepeo, nimeufunga mwenyewe kwa mikono yangu!"

Kipaza sauti kilikuwa wazi. Nchi nzima ilisikia, kutoka pwani hadi milimani, na wengine wanasema alisikika hata ng'ambo ya mpaka, kwenye kiwanda chenyewe cha Kipepeo, ambako wafanyakazi walisimamisha mashine kwa mshangao.

*

Jaji Brigedia Kasanduku alibaki ameduwaa, gazeti linamng'oka shavuni. Alikuwa na njia mbili tu. Akisema wembe ule ulikuwa Kipepeo, basi Tume imefanya udanganyifu mbele ya picha ya Mtukufu Mlezi. Akisema ulikuwa Fahari, basi Fahari umekata, na kiapo chake kinamdai. Alifikiri mpaka mtangazaji akalazimika kupiga muziki wa jeshi.

Mwishowe akasimama.

"Tume imeridhika," alisema, "tena imeridhika kabisa, kwamba wembe ulionyoa shavu la kushoto ulikuwa Fahari halisi. Umekata. Ni kawaida yake. Yeyote atakayesema kwamba Fahari haukati anakitukana kiwanda chetu, na kwa hiyo Profesa Ndimbo atachukuliwa kwenda machimboni. Mshitakiwa aende nyumbani kwake."

Ndivyo serikali ile, ili kuulinda uongo wake, ilivyotangaza kwa mara ya kwanza jambo la kweli. Kesho yake watu walinyoa huku wakicheka. Ngwali, kwa kutikisika bila kibali akiwa kazini, alivuliwa cheo cha Shavu la Taifa na kushushwa hadi mihuri ya pembetatu, ambayo haitumiki popote.

Wawili wale walitoka ukumbini pamoja, Ngwali akilibana shavu kwa leso. Alitarajia kukumbatiwa. Alitarajia angalau neno. Simai alikwenda kwa hatua za haraka mbele yake, amekunja uso, mpaka wakafika kibandani. Akafungua mlango, akaokota kipande cha shabu, lile jiwe la kukaushia damu, kutoka sakafuni kati ya vitu vilivyomwagwa, akakilowesha, akamkandamiza nacho Ngwali shavuni bila huruma.

"Polepole, bwana wee!"

"Umeniua," alisema Simai.

"Nimekuokoa!"

"Nchi nzima imesikia. Redioni! Simai kamkata mtu. Mama yangu yuko shamba, kasikia." Machozi yalimlengalenga. "Maisha yangu yote, Ngwali. Nani alikutuma?"

Ngwali alirudi nyumbani, akamsimulia mkewe, na Bi Mize akamtilia chakula mara mbili.

Wiki nzima Simai hakumnyoa, na langoni Askari wa Mashavu aliogopa kuligusa tena shavu lile. Ngwali alipita kila asubuhi mbele ya kibanda, ndevu zimemsimama kote isipokuwa pale penye kovu, na kila asubuhi Simai alimwona na kugeukia ukutani. Wateja waliokuja walionyesha kidole wakiuliza kama ndiye yule, na Simai aliwajibu, kwa sauti ya kusikika hadi sokoni, kwamba mtu yule alijikata mwenyewe, kwa makusudi, kwa ujinga wake, na kwamba hakuna kinyozi duniani angeweza kumzuia.

Siku ya nane Ngwali alipokaribia, alikuta kiti kimetolewa nje, povu limekwisha kuchanganywa na linaanza kukauka. Simai alikuwa amempa mgongo, anapangusa mashine ambayo ilikuwa safi.

"Kaa," alisema bila kugeuka.

Ngwali akakaa. Simai akamfunga kitambaa shingoni, akakikaza kuliko ilivyohitajika, kisha akamshika kichwa kwa mikono miwili, kwa nguvu, kama mtu aliyeshika mtungi uliojaa.

"Sasa nisikilize vizuri, ndugu yangu," alisema. "Ukitikisika tena, wallahi, machimboni nakwenda mwenyewe kwa miguu."